Nani Humpa Mwandishi Kibali? Uhalali wa Vitabu vya Kujichapishia na Namna ya Kuwajibu Wakosoaji: Mifano kutoka Koboko na Arua

Ikisiri

Makala haya yanajadili uhalali wa vitabu vya historia ambavyo waandishi wake wamevichapisha wenyewe, bila kupitia kampuni kubwa za uchapishaji wala mapitio ya wataalamu. Mfano mkuu ni kitabu cha Jaffar Amin na Margaret Akulia kuhusu Idi Amin, kilichotoka mwaka 2010. Kitabu hicho kinalinganishwa na maandishi ya Apolo Kaggwa wa Buganda mwanzoni mwa karne ya 20. Hoja kuu ni kwamba jina la mchapishaji halitoshi kuhalalisha kitabu wala kukibatilisha, na kwamba kitabu cha kujichapishia hupata hadhi yake kwa kukubali kupimwa. Makala yanabainisha aina 4 za ukosoaji, yanaeleza jibu linalofaa kila aina, na yanatoa mapendekezo kwa watunga sera wa vyuo, maktaba na elimu.

1. Utangulizi

Kuluba ni kaunti ndogo katika Wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jirani na mipaka ya Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, Kuluba ilikuwa mojawapo ya vituo vya kuwapokea wakimbizi kutoka Sudan Kusini kabla ya kupelekwa makambini. Miaka 36 kabla ya hapo, watu wa Koboko na Arua walipita njia hizohizo kuelekea upande wa pili, wakiukimbia utawala mpya wa nchi yao. Kwa watu wa namna hii historia si somo la darasani tu, kwa kuwa humo ndimo kunamoamuliwa nani alikuwa mhanga, nani alikuwa mkosaji, na nani anastahili kusikilizwa.

Pamoja na hayo, mtafiti anayetafuta vitabu vya historia ya eneo hili vilivyoandikwa na wenyeji wenyewe hupata vichache. Vingi kati ya hivyo ni miswada iliyopigwa taipu, vijitabu vilivyogharimiwa na familia, au vitabu vilivyotolewa kwa fedha za waandishi. Mila za vyuo vikuu vyetu huviweka pembeni vitabu vya aina hii: havihesabiwi katika upandishaji vyeo, na mara nyingi mwanafunzi anayevinukuu huonywa na msimamizi wake. Makala haya yanauliza kama msimamo huo unaweza kutetewa kihistoria na, kama hauwezi, ni kipimo gani kichukue nafasi yake.

2. Nani aliiandika West Nile?

Eneo la West Nile liliingia Uganda kwa kuchelewa. Lilikuwa sehemu ya Enklevu ya Lado iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909. Kisha likawa chini ya Sudan, na mwaka 1914 likahamishiwa Uganda. Kuchelewa huko kuliathiri pia maandishi. Wakati Buganda ilikuwa na wasomaji na mitambo ya kupiga chapa tangu mwisho wa karne ya 19, Arua ilikuwa ndiyo kwanza inapata ofisi ya wilaya na misheni zake za mwanzo.

Matokeo yake, maandishi ya kwanza yenye uzito kuhusu Walugbara na Wakakwa yaliandikwa na wageni. J. H. Driberg, aliyekuwa ofisa wa kikoloni, aliandika kuhusu ibada ya Yakan mwaka 1931. John Middleton, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, alifanya utafiti miongoni mwa Walugbara kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, na kitabu chake kuhusu dini ya Walugbara kilitoka mwaka 1960. Mwaka huohuo Padri J. P. Crazzolara wa shirika la Comboni alitoa uchunguzi wake wa lugha ya Kilugbara kupitia Oxford University Press.

Mfano wa Crazzolara unastahili kuangaliwa kwa karibu. Kazi yake kubwa kuhusu Waluo, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1950 na 1954, ilichapishwa Verona na Missioni Africane, yaani shirika lake mwenyewe la kimisionari. Kwa maana halisi, hicho ni kitabu kilichochapishwa na watu wa nyumbani mwake. Hata hivyo, vizazi vya wanahistoria wa Afrika Mashariki vimekitumia, vimekikosoa na kukisahihisha, bila kudai kwamba mahali kilipochapishwa panakiondolea haki ya kusomwa. Kanuni tunayoitumia dhidi ya mwalimu mstaafu wa Koboko aliyelipia kijitabu chake hatukuitumia dhidi ya padri aliyechapishiwa na shirika lake.

Baada ya mwaka 1979 hali ilizidi kuwa ngumu. Utawala wa Idi Amin, mtu wa asili ya Koboko kwa upande wa baba, ulianguka Aprili mwaka huo. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walishambulia West Nile kutoka ng'ambo ya mpaka, na jeshi la serikali lilipolirudia eneo hilo raia ndio waliolipa. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Watu wengi wa eneo hilo waliishi uhamishoni Sudan na Zaire hadi katikati ya miaka ya 1980. Katika hali hiyo hakuna nyumba ya uchapishaji inayoweza kukua, na hata karatasi za familia hupotea njiani. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Historia ya miaka ya Amin iliandikwa Kampala, London na New York wakati watu wa Koboko hawakuwapo mezani.

3. Mtangulizi: Apolo Kaggwa na mtambo wake

Kabla ya kukijadili kitabu cha mwaka 2010, ni vyema kukumbuka kwamba historia iliyoandikwa na Waganda wenyewe ilianza kwa kiasi kikubwa kwa njia ya kujichapishia. Sir Apolo Kaggwa, Katikkiro wa Buganda, alitoa kitabu chake cha Kiganda kuhusu wafalme wa Buganda mwaka 1901. Kitabu chake kuhusu koo za Buganda kilitoka Mengo mwaka 1912 kwa chapa ya A.K. Press, mtambo uliobeba herufi za jina lake. Hakuwa na mhariri aliyeweza kumkatalia, wala jopo la wataalamu lililopima mswada wake.

Tena Kaggwa hakuandika akiwa mtu wa kando. Alikuwa miongoni mwa walionufaika zaidi na Mkataba wa 1900, uliogawa ardhi ya Buganda kwa machifu. Kitabu kinachoorodhesha koo, wakuu wake na makazi yake kilikuwa na uzito wa hati ya ardhi. Katika miaka ya 1920, Bataka, yaani wakuu wa koo, walipodai kwamba ardhi yao ya asili ilichukuliwa, mgogoro ulikuwa pia juu ya historia: nani alikaa wapi, tangu lini, na kwa idhini ya nani. Kwa hiyo kujichapishia si silaha ya wanyonge pekee, kwani wenye nguvu pia huitumia, na kwao hatari ni kubwa zaidi kwa kuwa mkosoaji huogopa kusema.

Hata hivyo maandishi ya Kaggwa hayakubaki bila majibu. Kati ya 1935 na 1937, jarida la Uganda Journal lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu wafalme wa Bunyoro-Kitara yaliyotiwa saini ya K.W., ambaye ni Mukama Tito Winyi wa Bunyoro mwenyewe. Mwaka 1947 John Nyakatura, aliyekuwa chifu wa kaunti, alitoa kitabu chake cha Kinyoro kuhusu Abakama, kikieleza historia ya eneo hilo kwa mtazamo wa Bunyoro. Hatimaye, mwaka 1971, mwanahistoria M. S. M. Kiwanuka alitafsiri kitabu cha Kaggwa kuhusu wafalme kwa Kiingereza na kukitolea maelezo ya kihakiki. Safari hiyo ilichukua miaka 70, na mwishowe kitabu kilichoanza bila mapitio yoyote kikawa chanzo cha msingi kinachosomwa pamoja na ukosoaji wake.

Derek Peterson na Giacomo Macola, katika mkusanyo waliouhariri mwaka 2009, wameonyesha kwamba waandishi wa aina hii walikuwa wengi barani Afrika, na kwamba kuandika historia kwao kulikuwa kazi ya kisiasa: kuunda jamii, kudai haki, kuwaadibu vijana. Maelezo hayo hayaondoi wajibu wa kuhakiki, ila yanatuonyesha tuhakiki nini. Pamoja na kuuliza kama jambo fulani ni kweli, tuulize pia kitabu kiliandikwa ili kifanye kazi gani.

4. Kitabu cha mwana: Koboko yajibu

Mwaka 1977 Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya katika serikali ya Amin na kisha akakimbilia Uingereza, alitoa kitabu kuhusu utawala huo. Ni ushahidi muhimu wa mtu aliyekuwa ndani, na mengi aliyoyaeleza kuhusu mauaji yamethibitika. Lakini kitabu hichohicho kilizungumzia matambiko ya damu na kula nyama ya watu, na kiliyahusisha matambiko hayo na mila za Wakakwa. Madai hayo juu ya kabila zima yalipita katika mikono ya wahariri wa kampuni ya kibiashara ya London, yakauzwa duniani, yakarudiwa na waandishi wengine. Kisha ikaja riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, na filamu iliyotokana nayo mwaka 2006, ambayo mamilioni ya watu waliipokea kama historia.

Katika mazingira hayo Jaffar Amin, mmoja wa wana wa Idi Amin, pamoja na Margaret Akulia, walitoa mwaka 2010 kitabu cha Kiingereza ambacho kichwa chake kinauliza kama Idi Amin alikuwa shujaa au mwovu. Kilitoka kwa jina la Millennium Global Publishers, kwa juhudi za waandishi wenyewe, nje ya kampuni kubwa za uchapishaji. Ni kitabu kirefu, chenye kumbukumbu za familia, masimulizi ya ukoo na sauti za watu wengine.

Sehemu yenye thamani kubwa kwa mwanahistoria ni ile ya utotoni. Wasifu mwingi husema kwamba Amin alizaliwa Koboko au Kampala karibu na mwaka 1925. Familia inasema alizaliwa Kampala mwaka 1928, siku ya Idi, na jina lake likatokana na siku hiyo. Inasimulia pia kwamba palipozuka shaka kuhusu baba wa mtoto, aliachwa karibu na mlima Liru, Koboko, ili apimwe kwa njia ya mila, naye akaokoka. Mama yake, mwenye asili ya Kilugbara, anahusishwa na Yakan, ile ibada ya maji matakatifu iliyoenezwa na Rembe wa Wakakwa na iliyozua upinzani dhidi ya wakoloni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Simulizi hiyo haithibitishi muujiza, wala hakuna haja ya kuichukua hivyo. Inachothibitisha ni kwamba kumbukumbu ya Yakan iliendelea kuishi ndani ya familia za Koboko na Arua muda mrefu baada ya serikali kuizima, na kwamba swali la uhalali wa mtoto huyo lilijibiwa kwa lugha ya mila na mahali maalumu. Hakuna hati ya ofisi ya wilaya inayoweza kutupa hilo. Ndiyo maana Mark Leopold, aliyefanya utafiti Arua katika miaka ya 1990 na kuandika historia ya West Nile mwaka 2005, alikitumia sana kitabu cha Jaffar Amin na Akulia katika wasifu wa Idi Amin alioutoa kupitia Yale University Press mwaka 2021. Alikitumia kwa tahadhari, akikilinganisha na vyanzo vingine, lakini hakukitupa.

5. Aina 4 za ukosoaji

Mwandishi aliyejichapishia hukutana na wakosoaji wengi, na kosa lake la kawaida ni kuwajibu wote kwa namna moja: ama kwa hasira, ama kwa kimya. Mifano iliyotangulia inatuwezesha kuwatofautisha.

Wa kwanza ni wale wanaokataa kitabu kwa sababu ya mchapishaji. Jibu kwao ni la kihistoria: Kaggwa na Crazzolara wangekataliwa pia, na kitabu cha London cha 1977 kingepita pamoja na madai yake kuhusu mila za Wakakwa. Uhariri wa kitaalamu hupunguza makosa, na mwandishi asiyekuwa nao hana budi kuutafuta kwa njia nyingine. Lakini kukosekana kwake ni sababu ya kukisoma kitabu kwa uangalifu zaidi, si sababu ya kutokukisoma.

Wa pili ni wale wanaokataa kitabu kwa sababu ya mwandishi: huyu ni mtoto wa dikteta, atasema nini zaidi ya kumtetea baba yake? Pingamizi hili lina nguvu zaidi. Upendeleo wa mwana ni jambo la kweli, na kuukana ni kujidhoofisha. Jibu linalofaa ni kuutangaza mwanzoni, kisha kutenganisha yale ambayo mwandishi aliyaona, yale aliyoyasikia kwa wazee, na yale anayoyaamini tu. Nafasi ya mwana inampa ujuzi wa mambo ya nyumbani ambao mgeni hana. Haimpi ujuzi wa yaliyotendeka katika seli za magereza. Tuongeze kwamba Kyemba naye alikuwa na nafasi yake: waziri aliyetumikia utawala kisha akauacha alikuwa na haja ya kujitenga nao.

Wa tatu ni wale wanaoleta ushahidi. Hawa ndio rafiki wa kweli wa mwandishi, hata wakisema kwa ukali. Tuchukue suala la watu waliotoweka. Mwaka 1974 Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza kutoweka kwa watu nchini tangu Januari 1971, chini ya Jaji Mohamed Saied. Tume hiyo ilisikiliza malalamiko kuhusu watu 308 na kuvinyoshea kidole vyombo vya usalama vya serikali iliyoiunda. Idadi ya jumla ya waliouawa bado inabishaniwa, na makadirio yanayotajwa huanzia 80,000 hadi 500,000. Mwandishi ana haki ya kuhoji msingi wa takwimu hizo. Lakini kuhoji takwimu ni jambo moja, na kuyakana mauaji ni jambo jingine. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mahakamani Septemba 1972, na Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Kitabu chochote cha utetezi, awe amekichapisha nani, lazima kipite mbele ya ushahidi huo. Mkosoaji wa aina hii hujibiwa kwa hati, kwa masahihisho yaliyowekwa wazi, au kwa kukiri kosa katika toleo linalofuata.

Wa nne ni wale walioumia. Mwenye kovu usidhani kapoa. Familia ya aliyetoweka mwaka 1973 inapokutana na jalada linalouliza kama Amin alikuwa shujaa, haiandiki mapitio ya kitabu. Huona kwamba jeraha limetoneshwa. Na familia ya aliyekufa Ombaci mwaka 1981, inaposikia kwamba maumivu ya miaka ile yalikuwa ya Waganda wengine tu, huumia vivyo hivyo. Kwa wakosoaji hawa mwandishi hahitaji kushinda mjadala. Anahitaji kusikiliza na, inapowezekana, kuwapa nafasi ndani ya kitabu. Kitabu cha mwaka 2010 kina funzo hapa. Kichwa chake chenyewe kinaahidi sauti za watu wengine pamoja na ya mwana, na thamani yake ya kudumu itategemea jinsi matoleo yajayo yatakavyotimiza ahadi hiyo, si kwa watetezi pekee bali na kwa walioonewa.

6. Kutoka historia hadi sera

Suala hili halihusu West Nile peke yake. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wengi watahitaji matini za Kiswahili zenye maudhui ya Uganda, na kampuni za uchapishaji hazitaweza kukidhi haja hiyo kwa haraka. Walimu watajiandikia na kujichapishia. Tusipokuwa na kipimo cha haki, tutayapokea maandishi yote bila kuchuja, au tutayakataa yote na kuendelea kutegemea vitabu vya nje. Kwa msingi huo tunapendekeza mambo 4.

Kwanza, amana ya vitabu. Sheria ya Maktaba ya Taifa ya mwaka 2003 inawataka wachapishaji wawasilishe nakala za vitabu vyao. Waandishi wanaojichapishia waelimishwe kwamba nao ni wachapishaji mbele ya sheria, na warahisishiwe kutimiza wajibu huo kutoka wilayani bila safari ya Kampala. Kitabu kisichohifadhiwa hakiwezi kukosolewa wala kusahihishwa.

Pili, mapitio baada ya kuchapishwa. Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa Arua mwaka 2013, kinafaa kuwa mahali pa kuvisoma vitabu vya eneo hilo hadharani, mbele ya wazee, wanahistoria na familia zilizoathirika, na kuweka maoni yao katika maktaba pamoja na kitabu chenyewe.

Tatu, matoleo yenye maelezo ya kihakiki. Kazi aliyoifanya Kiwanuka mwaka 1971 iwe aina ya utafiti inayotambuliwa katika shahada za uzamili na uzamivu: mwanafunzi achukue kitabu kimoja cha kujichapishia, akilinganishe na nyaraka na masimulizi, kisha akitolee maelezo.

Nne, kanuni za kunukuu. Badala ya kukataza vitabu vya kujichapishia, idara zetu ziwatake wanafunzi waeleze mwandishi ni nani, alijuaje anachokisema, na ni chanzo gani kingine kinachounga mkono au kupinga. Maswali hayo yaulizwe pia kwa vitabu vya kampuni kubwa.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya Afrika Mashariki iliyoandikwa na wenyeji ilitokana kwa sehemu kubwa na watu waliojichapishia, na kwamba vitabu vyao vilipata hadhi kwa kujibiwa, kusahihishwa na kuhifadhiwa. Pia yameonyesha kwamba mchapishaji mkubwa hakuizuia dhana mbaya kuhusu Wakakwa isienee duniani. Kitabu cha Jaffar Amin na Margaret Akulia si neno la mwisho kuhusu Idi Amin, lakini hakuna anayeweza sasa kuandika juu ya utoto wake bila kukisoma. Kaggwa alisubiri miaka 70 kabla ya kupata msomaji aliyemtolea maelezo kwa kina. Wazee wa Koboko na Arua wenye miswada sandukuni hawana muda huo, na watafiti wanaotaka kuwauliza maswali hawana budi kwenda sasa.